Kibao cha Kukatia: Tahara Yake, Usafi Wake na Umri Wake

Katika nyumba zetu za mwambao neno kibao lina kazi nyingi. Ni mbuzi ya kukunia nazi, ni kile cha kusukumia chapati, ni bango lililo juu ya mlango wa duka, na mtu akipandwa na hasira huwa ni kofi. Tunachokikusudia leo ni kibao cha mti kilichoegemezwa nyuma ya jiko au kilicholazwa kando ya karo, ambacho juu yake hukatwa vitunguu asubuhi, samaki adhuhuri na kuku jioni. Ni vigumu kupata chombo kingine kinachogusana na chakula cha nyumba nzima kiasi hicho, na ni vigumu vile vile kupata kinachoangaliwa kwa uchache kiasi hicho. Sufuria ikiungua husuguliwa mpaka ing'are. Kisu kikiwa butu hutafutiwa mnoaji. Kibao hupitishiwa maji na kitambaa, kikarudishwa mahali pake na unyevu wake, kingoje kesho.

Baada ya darsa za akina mama huletwa mara kwa mara swali ambalo kwa hakika ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja: kibao cha mti kilichonywa damu ya nyama chaweza kutwaharika, au ni heri kukitupa na kununua cha plastiki? Nusu ya kwanza ya swali ni ya fiqhi. Nusu ya pili ni ya afya. Zikichanganywa, huzaliwa watu wa namna mbili: mwenye wasiwasi anayesugua kibao mpaka vidole vikavimba na bado moyo wake hautulii, na mwenye kuridhika upesi anayedhani kwamba maji yakishapita juu yake basi shari yote imekwisha.

Tuanze na fiqhi, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Damu iliyohukumiwa kuwa najisi ni ile yenye kumwagika, kama ilivyotajwa katika Sura ya al-An'am, aya ya 145. Ama ule wekundu unaobaki katika nyama na mishipa baada ya mnyama kuchinjwa kisharia na damu yake kutoka, wanavyuoni wameusamehe, maana kuuepuka ni uzito usiobebeka. Na hata kibao kikipatwa na najisi ya kweli, tuseme kuku aliyechinjwa sasa hivi amewekwa juu yake na shingo ingali yatiririka, kitaoshwa mpaka dhati ya ile damu iondoke pamoja na ladha, rangi na harufu yake. Ikiwa baada ya kusuguliwa imebaki rangi peke yake, au harufu peke yake, na imeshindikana kuondoka, katika madhehebu yetu ya Imam Shafii hiyo husamehewa. Doa la zamani lililozama katika mti halikifanyi kibao kuwa najisi. Paka akipita akakiramba hakukinajisi, kwa kuwa mate ya paka ni tahir. Hili nalitaja kwa sababu ya nyumba za Lamu, ambako paka ni wengi kuliko milango. Mbwa ana hukumu yake inayojulikana, mara saba na mojawapo kwa udongo.

Basi kwa upande wa tahara mama asijitese. Lakini tahara ni mlango mmoja, na usalama wa mwili ni mlango mwingine. Kuku aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu nyama yake ni halali, na bado yaweza kuwa imebeba vijidudu viitwavyo salmonela na kampilobakta, ambavyo makao yake ni matumbo ya kuku na ambavyo huenea juu ya nyama wakati wa kunyonyoa na kupasua. Havina rangi, havina harufu, na mtu hawezi kuvijua kwa kutazama. Kibao kilichokatiwa kuku huyo kikafutwa kwa kitambaa ni tahir kwa mujibu wa fiqhi, na juu yake pana kitu kinachoweza kumlaza mtoto hospitalini.

Tazama njia inayopitiwa na maradhi hayo, maana ndiyo kiini cha habari yote. Kuku hukatwa vipande juu ya kibao, vipande hutiwa sufuriani, sufuria huchemka na vijidudu hufa. Kuku ameshakuwa salama. Wakati sufuria iko motoni, mpishi huchukua kibao kile kile, akakipitishia maji, akakatia nyanya, vitunguu na pilipili za kachumbari. Kachumbari haitaona moto. Itatiwa ndimu na chumvi, itawekwa kando ya pilau, na italiwa na mtoto wa miaka miwili, na mama mjamzito, na babu ambaye mwili wake hauna tena nguvu ya kupigana. Siku ya pili nyumba nzima inapoendesha, kuku hulaumiwa, na muuza kuku hulaumiwa pamoja naye, ilhali aghalabu kilichobeba ugonjwa ni lile bakuli la kachumbari ambalo hakuna anayelishuku. Ndimu haitoshi kuyaua hayo kwa muda mfupi unaopita kati ya kukata na kula.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2001 bango lake la mambo matano ya kulinda chakula, jambo la pili katika hayo matano lilikuwa ni kutenganisha kibichi na kilichopikwa, na visu na vibao vimetajwa humo. Mahoteli makubwa ya pwani yetu hulifuata hilo kwa rangi: kibao chekundu ni cha nyama mbichi, cha buluu ni cha samaki, cha kijani ni cha mboga na matunda. Nyumbani hatuhitaji upinde wa mvua. Vibao viwili vyatosha: kimoja cha nyama, kuku na samaki vibichi, na cha pili cha kila kitu kinacholiwa bila kupita motoni, pamoja na mkate, matunda na nyama iliyokwisha kuiva. Ili visichanganywe na watoto au na dada anayetusaidia kazi, chukua msumari, uushike kwa koleo, uupashe moto mpaka uwe mwekundu, uchome alama ukingoni: mstari mmoja kwa cha mboga, mistari miwili kwa cha nyama. Alama ya kuchoma haifutiki kwa maji kama ya kalamu. Na dada huyo aelezwe sababu, asipewe amri tupu. Mtu aliyejua kwa nini hakosei pale mwenye nyumba anapokuwa hayupo.

Hapa nina neno na akina baba. Matumizi ya nyumba yako juu ya mume, na kibao cha pili kimo katika matumizi hayo. Si jambo la kushauriana barazani. Anayenunua kilo mbili za nyama kwa siku ya wageni hawezi kusema kwamba kipande cha ubao kimemzidi, wala hana sababu ya kumwachia mkewe kazi ya kukipaka mafuta na kukipiga msasa, kazi ambazo tutazieleza punde na ambazo mikono ya mwanamume yaziweza vizuri sana.

Tugeukie plastiki. Wengi wetu tumeingiwa na imani kwamba plastiki ni safi kwa maumbile yake na mti ni mchafu kwa maumbile yake, kwa kuwa plastiki hainywi maji na mti hunywa. Imani hii ilikuwa pia ya wataalamu kwa muda mrefu. Huko Marekani alikuwako mwanasayansi wa chakula kwa jina Dean Cliver, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kisha cha California mjini Davis, ambaye pamoja na mwenzake Nesrin Ak alianza kutafuta namna ya kuusafisha mti ili ufikie usalama wa plastiki. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, yaliwashangaza wenyewe. Vijidudu vilivyomwagwa juu ya kibao cha mti vilivutwa ndani pamoja na maji, na humo ndani havikuzaliana, bali vilikufa kidogo kidogo. Kibao cha mti cha zamani chenye alama nyingi za kisu kilikuwa karibu sawa na kipya. Plastiki mpya ilisafishika kwa urahisi, lakini plastiki iliyokwisha kuchanjwa na kisu ilishindikana kusafishwa kwa mkono, hasa ikiwa na mafuta ya kuku katika ile michanjo.

Utafiti huo usichukuliwe kuwa ruhusa ya uvivu. Hausemi kwamba mti ni dawa. Unasema kwamba mti unaooshwa na kukaushwa si duni kuliko plastiki, na kwamba plastiki iliyochanika ina hatari ambayo weupe wake huificha. Mwenye kibao cha plastiki asikitupe leo. Akitazame kwa kukigeuza kwenye mwanga, na kikiwa kimejaa mifereji iliyoingia weusi, wakati wake umekwisha. Tofauti kubwa ni kwamba plastiki ikifika hapo hutupwa jaani, na mti ukifika hapo hupelekwa kwa seremala ukarudi mpya.

Sharti lililobebwa na maneno hayo yote ni kukauka. Mti una mirija myembamba iliyokuwa ikipandisha maji kutoka kwenye mizizi wakati ulipokuwa hai, na mirija hiyo haikuacha kazi yake kwa sababu umekatwa. Ubao ukilowa hunywa na kufura. Ukikauka hutoa na kusinyaa. Ukilowa upande mmoja tu, upande huo hufura na mwingine hubaki kama ulivyo, na ubao hupinda kama jani. Ukilowa na kukauka kwa ghafula kila siku, nyuzi zake huachana na nyufa huanza kwenye ncha. Unyevu huo huo unaoupinda na kuupasua ndio unaowapa vijidudu na kuvu maisha. Basi anayekilinda kibao chake kisiharibike amekwisha kuilinda pia familia yake, kwa kazi ile ile moja.

Kibao kilichotumika kiparuliwe kwanza, kwa mgongo wa kisu, ili mabaki yatoke. Kikiwa kimekatiwa nyama au kimevunjiwa yai, kitangulizwe maji ya kawaida kabla ya maji ya moto, kwa sababu maji ya moto hugandisha ute na damu ndani ya nyuzi. Halafu kioshwe kwa sabuni na maji ya moto kadiri mkono unavyostahimili, kwa brashi ngumu au kumbi la nazi, pande zote mbili na kingo zake, hata kama upande wa chini haukutumika. Wengi huosha upande wa juu tu, na hapo ndipo kupinda kunapoanzia. Kisha kisuuzwe mara moja. Kisilazwe ndani ya beseni pamoja na vyombo vingine kungojea mtu atakayeosha baada ya swala ya Isha. Nusu saa ya kulowekwa yakiharibu kibao kuliko mwezi wa kukatia, na maji yale ya beseni yana kila kilichoachwa na vyombo vingine.

Baada ya kusuuzwa kifutwe kwa kitambaa kikavu, safi, ambacho si kile kilichofutia meza na mikono ya watoto. Kitambaa cha jikoni kinachokaa kibichi kutwa nzima ndicho mara nyingi kichafu kuliko kibao chenyewe. Kisha kisimamishwe kwa ukingo wake, kisigusane na ukuta, hewa ipite huku na huku. Vijiti viwili vilivyopigiliwa ukutani, au kamba iliyopitishwa katika tundu la kibao na kutundikwa kwenye msumari, vyatosha. Kukilaza juu ya saruji iliyolowa ni kukiosha bure.

Mwambao wetu haukaushi kwa namna moja mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, jua ni kali na mama hupenda kukianika kibao uani tangu saa nne mpaka alasiri. Jua hilo huvuta maji ya juu haraka kuliko ya ndani, na kibao hulia usiku kwa mlio wa kupasuka. Kivuli chenye upepo ni bora, na jua la asubuhi la nusu saa halidhuru. Masika hali hugeuka. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kwetu, hewa hubeba maji, kanzu hazikauki, seuze ubao. Wakati huo yataka vibao vizungushwe, kilichotumika leo kipumzike kesho, na visimamishwe karibu na jiko linapopoa. Vikianza kutoa vidoa vya kijivu au vyeusi vyenye harufu ya ghala, hiyo ni kuvu, na kuiosha juu juu hakutoshi, yataka msasa.

Harufu ya samaki ni malalamiko ya kila nyumba. Dawa yake ilikuwa inajulikana kwa bibi zetu kabla ya mtu yeyote kueleza sababu: chumvi ya mawe na nusu ya ndimu. Mwaga chumvi juu ya kibao, sugua kwa ndimu iliyokatwa, kufuata mkondo wa nyuzi na si kuukata, acha dakika kumi, suuza. Chumvi hukwaruza uchafu na kuvuta maji kutoka kwenye mifereji. Ndimu hufanya kazi nyingine, kwa kuwa vitu vinavyoleta shombo la samaki vina tabia ya magadi, na ukali wa ndimu huvivunja nguvu visiweze kupaa puani. Siki hufanya vivyo hivyo. Lakini tusichanganye kuondoka kwa harufu na kuondoka kwa vijidudu; haya ni mambo mawili, na kibao chenye harufu nzuri chaweza kudanganya. Doa la manjano halitoki kwa ndimu wala sabuni. Liache, jua lile la asubuhi litalififisha katika siku chache, maana rangi ya manjano haistahimili mwanga.

Kwa kibao cha nyama mbichi, na hasa nyumba ikiwa na mgonjwa au mtoto mchanga, au kipindupindu kikiwa kimetangazwa mtaani, ipo dawa ya klorini inayouzwa madukani kwa kufulia nguo nyeupe. Iwe ile isiyo na manukato. Kiasi kinachotumika ni kijiko kimoja cha mezani katika lita nne za maji, na chupa zikitofautiana kwa nguvu, kilichoandikwa kwenye chupa kitangulie. Kibao kioshwe kwa sabuni kwanza, kwa sababu mafuta na mabaki ya nyama huiua klorini kabla ya yenyewe kuua chochote. Kisha kimwagiwe maji hayo, kiachwe dakika chache, kisuuzwe na kukaushwa. Si ya kila siku, maana huukausha mti na kuufanya mweupe. Na isichanganywe kabisa na siki, ndimu au dawa nyingine ya kuoshea choo. Klorini ikikutana na vitu vikali hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na jiko dogo lililofungwa dirisha ndilo mahali pabaya zaidi pa kulijaribu hilo. Siku ya kutumia klorini, ile kazi ya chumvi na ndimu iahirishwe.

Ramadhani na Idi zataka uangalizi wa pekee. Katika Ramadhani, kati ya Alasiri na Magharibi, nyama ya sambusa, viazi vya katlesi, kitunguu thomu, tikiti maji na papai hukatwa karibu kwa mpigo mmoja, na aliyefunga amechoka na anatazama saa. Hapo ndipo kibao kimoja hutumiwa kwa yote. Kinga iliyo rahisi ni mpangilio: matunda na kachumbari vikatwe kwanza, vifunikwe, viwekwe mahali pa baridi, na nyama iwe ya mwisho. Siku ya Idi ya kuchinja, nyama huja kwa wingi mara moja na joto la mji laweza kuzidi nyuzi 30. Vijidudu hupenda joto lililo kati ya nyuzi 5 na 60, kwa hiyo kibao kilichojaa mabaki ya nyama mezani kwa saa tatu, kikisubiri jirani wa tatu na wa nne kuletewa fungu lake, kioshwe katikati ya kazi na si mwisho wake tu. Mifupa isikatwe kwa panga juu ya kibao cha jikoni. Hiyo ni kazi ya gogo, kama lile la mwenye bucha, ambalo nyuzi zake zimesimama wima; panga huingia kati ya nyuzi na nyuzi hujifunga tena. Kibao cha kawaida nyuzi zake zimelala, na pigo la panga huzikata na kuzing'oa vibanzi.

Sasa mafuta. Mti uliokunywa mafuta hauna nafasi ya kunywa maji, na hiyo ndiyo hekima yote ya kukipaka kibao. Swali ni mafuta gani. Mafuta ya kupikia ya mahindi au alizeti hayafai; hayakauki ndani ya mti, hubaki yakinata na baada ya wiki chache huchacha, na uchachu huo huhamia kwenye embe la mtoto. Mafuta ya nazi hustahimili zaidi kuliko hayo, na bibi zetu waliyatumia. Lakini yale tunayopika wenyewe nyumbani kwa tui huwa na mashapo, na mashapo ndiyo huvunda. Mwenye kuyatumia achague yaliyochujwa mpaka yakawa meupe kabisa, apake kidogo, afute yote yanayobaki juu, na asistaajabu yakianza kunuka katika mwezi wa joto.

Yaliyo bora ni yale mafuta meupe yasiyo na harufu yanayouzwa katika maduka ya dawa kwa wenye kufunga choo, yaitwayo likwidi parafini. Hayo hayachachi hata yakikaa miaka. Jina lake lahitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa mjini kwetu wako wanaoyaita mafuta ya taa kwa jina hilo hilo la parafini, na mafuta ya taa ni sumu. Muulize mwenye duka la dawa, usiulize kituo cha mafuta, wala usimtume mtoto. Yanunuliwe yale ya kunywewa, si yale ya kupaka watoto yaliyotiwa manukato. Na mafuta ya kitani yanayouzwa kwa mafundi rangi yaachwe kwa mafundi rangi. Mengi yamechanganywa na madini ya kuyafanya yakauke upesi, hayakukusudiwa chakula.

Kibao kikauke kabisa, siku mbili hivi. Mafuta yapashwe moto kidogo, yapakwe kwa kitambaa pande zote, na zaidi kwenye zile ncha mbili ambako mirija ya mti imekatwa wazi, maana huko hunywa mara nyingi zaidi ya uso wake. Kiachwe usiku mmoja, asubuhi kifutwe. Kibao kipya hurudiwa hivyo kila siku mpaka kikatae kunywa. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi yatosha. Kipimo chake ni tone la maji: likikaa juu kama lulu, kibao kimeshiba; likitawanyika na kuzama, kina kiu. Anayetaka kinga ya kudumu zaidi achukue nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke huwa nayo, sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta yale ya dukani, ayayeyushe katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto na si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwa joto la nyuzi 60 na kidogo, kwa hiyo maji yasiyofikia kuchemka yatosha.

Kwa anayetaka kununua kipya, au kumwagiza seremala, achague mti mgumu uliokauka. Mwembe hupatikana kila mahali, kwa kuwa miembe mikongwe huanguka au hukatwa kila mwaka. Mkwaju ni mgumu kuliko mwembe na hustahimili sana. Ndio maana hutumiwa kwa vinu na michi. Mbambakofi, mti wa milango yetu ya kale, ni mzuri na ni adimu, na sioni haja ya kukata mbambakofi kwa ajili ya kukatia vitunguu. Wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, waliozoea muhugu na mpingo, wamehamia sana kwenye mwarobaini na mwembe kwa sababu ile miti mingine imepungua misituni, na jambo walilolifanya wao kwa vinyago sisi twaweza kulifanya kwa vibao. Unene uwe sentimita 3 hivi, ili upatikane wa kuranda kwa miaka mingi.

Zipo mbao za kuepukwa. Plaiwudi na chipubodi zina gundi na huvimba. Mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, zenye ule ukijani, zaweza kuwa na aseniki. Na siku hizi imeingia pambo la kufanya sinia na vibao kwa mbao za majahazi makuukuu. Kwa meza na fremu za picha ni kazi ya kupendeza. Kwa chakula siikubali, kwa kuwa jahazi limeishi kwa kupakwa sifa ya papa na rangi za kuzuia chaza, na hakuna ajuaye ni nini kimenywewa na ubao huo katika miaka 40 ya baharini.

Kibao kilichopinda hakijafa. Upande ulioingia ndani ndio uliosinyaa. Ulazwe juu ya kitambaa kilicholowa kidogo, juu yake liwekwe jiwe zito, na kiangaliwe kila baada ya saa chache mpaka kinyooke, kisha kikaushwe kwa kusimamishwa na kupakwa mafuta pande zote mbili. Kilichojaa mifereji kipelekwe kwa seremala apitishe randa mara mbili tatu, kisha nyumbani kipigwe msasa wa 80, halafu 120, halafu 180. Kabla ya msasa wa mwisho kipanguswe kwa maji, kiachwe kikauke. Nyuzi zitasimama kama ndevu za siku mbili, na msasa ule wa mwisho utazikata, nazo hazitasimama tena kitakapooshwa. Kazi yote hii ni ya asubuhi moja ya Jumamosi, na watoto wa kiume waisaidie.

Ufa ni habari nyingine. Ufa mdogo wa ncha waweza kukatwa na msumeno, kibao kikawa kifupi kwa vidole viwili na kikaendelea. Ufa uliopenya upande wa pili hauzibiki kwa gundi ya dukani wala kwa unga wa mbao, kwa sababu brashi haiufikii na nyama huufikia. Kibao hicho kiondolewe kwenye kazi ya chakula. Chaweza kuwekewa sufuria ya moto mezani, au kukatiwa sabuni ya mche, na kikichoka zaidi ya hapo ni kuni, isipokuwa kama kiliwahi kupakwa rangi au dawa, maana moshi wake haufai kuingia jikoni.